Maonyesho ya Kilimo Yalianza kwa Kondoo Wawili

Mkulima wa Wusi anayetaka kwenda kutazama maonyesho ya kilimo ya Mombasa sharti aamke kabla ya jogoo wa kwanza. Huteremka mlimani hadi Mwatate, akafika Voi, na kutoka hapo hushika barabara kuu ya pwani, mwendo wa kilomita zaidi ya 150. Akiisha kufika Mombasa huvuka daraja la Nyali mpaka Mkomani, uliko uwanja wa maonyesho. Nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio cha mlangoni na chakula cha siku nzima si fedha ndogo kwa mtu ambaye mapato yake hutoka katika mikungu ya ndizi, kabichi na magunia machache ya mahindi. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza: Nitarudi nyumbani na nini?

Swali hilo si la mkulima wa Wusi peke yake. Maonyesho ya kilimo katika nchi yetu ya Kenya yamepita miaka 120 tangu yaanzishwe, na kila mwaka watu wengi sana huingia katika viwanja vyake. Wengine huenda kutazama ng'ombe, wengine huenda kusikiliza bendi, na watoto huenda kupanda bembea na kula peremende. Hayo yote si mabaya. Lakini ni vema wasomaji wajue maonyesho yalianzishwa kwa ajili gani, yalipita njia zipi, na kwa nini yaweza kupotea ikiwa wakulima wenyewe hawatayashika. Nitajaribu kueleza habari hizo kwa utaratibu.

SOKO NA MAONYESHO SI KITU KIMOJA

Watu wetu hawakungoja wageni waje ndipo wajue kukusanyika kwa ajili ya mazao. Taveta ilikuwa kituo mashuhuri cha misafara katika karne ya 19. Wafanyabiashara waliotoka pwani kwenda bara walipumzika katika msitu wake, wakanunua chakula kwa wenyeji kabla ya kuingia katika nchi ya Wamasai. Msafiri Joseph Thomson naye alipita hapo mwaka 1883. Hata leo soko la Taveta hukusanyika kila Jumatano na Jumamosi, na watu wa Kenya na wa Tanzania huuziana ndizi, nyanya, maharagwe na nguo. Kwetu milimani, Wundanyi ina siku zake za soko, Jumanne na Ijumaa, na kila mkulima huzijua kama anavyozijua siku za ibada.

Sokoni mtu hujifunza mengi, lakini soko lina desturi yake. Muuzaji mwenye kabichi kubwa kuliko za wenzake atakuambia bei yake, hatakuambia siri yake. Hana wajibu wa kukueleza alipata wapi mbegu, alitia samadi kiasi gani, wala alihamisha miche mwezi gani. Tena si ajabu akificha, maana ukijua, nawe utaleta kabichi kama zake msimu ujao, na bei itashuka.

Maonyesho ni kinyume cha hayo. Mkulima huleta kitu chake bora kabisa, lakini shabaha yake ya kwanza si kukiuza. Hukileta kitazamwe na kupimwa, kisha aeleze mbele ya watu namna alivyokipata. Kikombe, cheti au fedha anayopewa ndiyo bei ya siri yake. Sokoni mali hutoka na siri hubaki; kwenye maonyesho siri hutoka na mali hubaki. Msomaji akilishika neno hili moja, historia yote inayofuata itamwia rahisi.

KONDOO WAWILI WA PITTSFIELD

Katika Marekani maonyesho ya wilaya ni desturi kubwa, na kwa kawaida husemwa kwamba baba yake ni Bwana Elkanah Watson. Huyu alikuwa mfanyabiashara aliyegeuka mkulima, akahamia mji mdogo wa Pittsfield katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1807 alipata kondoo wawili wa aina ya Merino, dume na jike. Kondoo hao asili yao ni Hispania, na sufu yao ni laini kuliko ya kondoo wa kawaida. Kwa muda mrefu wafalme wa Hispania walikataza kondoo hao wasitolewe nchini mwao, maana waliwahesabu kuwa hazina. Basi tazameni: hata siri ya taifa zima yaweza kufungiwa zizini.

Watson hakuwafungia kondoo wake. Aliwapeleka katika uwanja wa mji, akawaweka chini ya mti watu wawaone. Wakulima wakaja kutoka huku na huku, na hata wanawake wakaja, wakaigusa ile sufu kwa mikono yao. Watson akawaza kwamba ikiwa wanyama wawili wameweza kuvuta watu wengi hivi, wanyama wengi wa wakulima wengi wangevuta wilaya nzima. Mwaka 1811 chama cha kilimo cha wilaya ya Berkshire kikasimamishwa. Kikaanza kutoa zawadi kwa ng'ombe, kondoo na mazao yaliyopita mengine, na baadaye kwa nguo zilizofumwa na wanawake nyumbani. Desturi hiyo ikaenea katika wilaya nyingi za Marekani.

Waingereza nao walianzisha chama chao cha kilimo mwaka 1838. Mwaka uliofuata, 1839, wakafanya maonyesho yao ya kwanza katika mji wa Oxford. Kusudi lao lilikuwa kuunganisha elimu ya wataalamu na kazi ya mikono ya mkulima, visiende kila kimoja njia yake. Waingereza walipokuja kutawala Afrika ya Mashariki, desturi hiyo walikuja nayo.

MAONYESHO YAFIKA KENYA

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita Voi, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwisho wa mwaka 1901 ikafika ziwa kuu mahali palipo na mji wa Kisumu. Serikali ilitaka reli hiyo ipate mizigo ya kubeba, na mizigo ilitarajiwa kutoka mashambani. Mwaka huo huo wa 1901 ndipo kilipoundwa Chama cha Kilimo na Bustani cha Afrika ya Mashariki, ambacho ndicho mzazi wa Chama cha Kilimo cha Kenya tunachokijua leo kwa herufi za ASK. Haikuchukua muda mrefu maonyesho yakaanza kufanywa Nairobi.

Walowezi walikuwa na haja kubwa ya kuambiana siri, maana walikuwa wageni katika udongo wasioujua. Lord Delamere, aliyepata ardhi Njoro mwaka 1903, aliingiza kondoo na ng'ombe wa kigeni kwa gharama kubwa, na wengi wakafa kwa magonjwa na kwa upungufu wa madini katika malisho. Alipopanda ngano, kutu ikaila. Watu wa namna hiyo walipokutana uwanjani walikuwa na maneno ya kuulizana: dume gani amestahimili kupe, mbegu gani haikupata kutu, udongo gani haufai. Kwa upande wao, maonyesho yalitimiza kazi yake.

Lakini ni lazima kusema ukweli wote. Siri hizo hazikutolewa kwa kila mtu. Mwafrika aliingia katika uwanja ule akiwa ameshika kamba ya ng'ombe wa bwana wake, si akiwa mwenye ng'ombe. Mkono uliomkamua ng'ombe, ukamwosha na kumlisha ulikuwa wake, na kikombe kilikuwa cha mwingine. Nje ya uwanja mambo yalikuwa magumu zaidi. Waafrika walizuiliwa kupanda kahawa kwa biashara, isipokuwa katika sehemu chache kama Kisii na Meru ambako ruhusa ndogo ilitolewa tangu miaka ya 1930.

Kwetu Taita jambo lililoumiza zaidi lilikuwa ardhi. Mashamba makubwa ya mkonge yalichukua nchi ya chini upande wa Mwatate, na hata mlimani Wundanyi palikuwa na shamba la mgeni. Mwaka 1939 Wataita waliunda chama chao cha kudai haki, Taita Hills Association. Mwaka 1940 Serikali ilikipiga marufuku pamoja na vyama vya Wakikuyu na Wakamba, na baadhi ya viongozi, akiwamo Woresha Mengo, wakawekwa kizuizini. Mtu asiye na shamba la kutosha hawezi kuonyesha kitu, hata akipewa meza bure. Hilo ni fundisho ambalo halipaswi kusahauliwa wakati tunaposifu vikombe na tepe.

KULAZIMISHWA NA KUONYESHWA

Katika sehemu za Waafrika Idara ya Kilimo na mabaraza ya wilaya yalifanya maonyesho madogo. Bwana Shamba alipanga mahindi, viazi na mikungu ya ndizi juu ya meza, chifu akasimamia watu, na mwenye zao bora akapewa zawadi yake. Hadhi yake ilikuwa ndogo ukilinganisha na ile ya Nairobi, lakini hapa mwenye kitu na mwenye zawadi walikuwa mtu mmoja.

Wakati huo huo palikuwa na njia nyingine ya kufundisha kilimo, nayo ni amri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu wa wilaya nyingi walitakiwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwa kazi ya lazima. Matuta yenyewe yalikuwa na faida, lakini amri iliyafanya yachukiwe. Mwaka 1947 watu wa Murang'a walikataa kuyachimba, na mwaka 1948 wanawake wa huko walisimama wakapinga kazi hiyo. Baada ya ukoloni kuondoka, matuta ya namna ya fanya juu yalienea sana Machakos, na vikundi vya mwethya vikayachimba kwa hiari, kwa kuwa watu walikuwa wameona kwa jirani zao kwamba maji yanabaki shambani na mahindi yanaongezeka. Kazi ilikuwa ile ile ya jembe na sepetu. Kilichobadilika ni kwamba mwanzo watu waliamrishwa, na baadaye waliona.

Mwaka 1954 ulitokea mpango wa Bwana Roger Swynnerton wa Idara ya Kilimo, uliosaidiwa na Uingereza kwa pauni milioni 5. Mpango huo ulifungua mlango kwa Waafrika wengi zaidi kupanda kahawa, majani ya chai na mazao mengine ya biashara, na kufuga ng'ombe wa maziwa wa gredi. Serikali ilikuwa na sababu zake za siasa, kwani ilikuwa katikati ya vita vya Mau Mau. Hata hivyo, tangu hapo mkulima wa Kiafrika alianza kuwa na kitu chake mwenyewe cha kuingiza katika mashindano.

BAADA YA UHURU

Uwanja wa Nairobi wakati wa ukoloni uliitwa Mitchell Park, kwa jina la Gavana Sir Philip Mitchell. Baada ya uhuru ukaitwa Jamhuri Park. Chama nacho, kilichokuwa kimevaa sifa ya kifalme, kikawa Chama cha Kilimo cha Kenya, na Rais wa nchi akawa mlezi wake. Maonyesho yakawa makubwa Nakuru, Eldoret, Kitale, Kisumu, Nyeri, Mombasa na kwingineko. Watoto nao hawakusahauliwa: mwaka 1962 zilianzishwa klabu za 4K shuleni, na maana ya herufi hizo ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Klabu hizo zilififia miaka mingi, kisha Serikali ikazifufua tena mwaka 2021.

Mfano bora wa siri iliyotolewa hadharani katika miaka ile ni mahindi ya Kitale. Watafiti walichanganya mahindi yaliyokuwa yamezoea nyanda za juu za Kenya na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, nchi ya milima huko Amerika ya Kusini. Mwaka 1964 wakatoa mbegu ya H611. Wakulima wadogo waliipokea kwa haraka iliyowashangaza hata wataalamu, kwa sababu mtu alipoona shamba la jirani au shamba la mfano, hakuhitaji hotuba ndefu. Baadaye ikatolewa mbegu ya Katumani kwa nchi kavu, ambayo hukomaa upesi kabla mvua haijakatika.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana na watu wa Taita. H611 ni mbegu ya nchi ya juu yenye mvua nyingi. Mkulima wa Voi akiipanda kwa sababu aliiona imestawi Kitale, ataambulia mabua. Mlima wetu una nchi nyingi ndani ya nchi moja. Nyika za Tsavo ziko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Vuria kimefika mita 2,208. Mkulima wa Wusi, aliye kati ya nyika na kilele, hawezi kuiga kila kitu anachokiona Mkomani, ambako bahari iko karibu na udongo ni wa mchanga. Siri njema ya mahali pengine yaweza kuwa hasara mahali pako.

WAAMUZI WANATAZAMA NINI

Watu wengi hudhani waamuzi wa maonyesho hutoa zawadi kwa kitu kikubwa kupita vyote. Si hivyo. Mkulima anayeleta mahindi hutakiwa alete magunzi kadhaa yanayofanana. Waamuzi hutazama kama mistari ya punje imenyooka, kama punje zimejaa mpaka nchani, kama hakuna alama ya dumuzi wala ukungu. Gunzi moja kubwa kati ya madogo huonyesha bahati. Magunzi kumi yanayofanana huonyesha kazi.

Kwa ng'ombe wa maziwa hutazama mgongo, miguu, umbo la kiwele na nafasi ya chuchu, maana ng'ombe mwenye miguu dhaifu hatakaa zizini miaka mingi hata akiwa na maziwa mengi. Tena mnyama haingii uwanjani mpaka apimwe na daktari wa mifugo, asije akaleta ugonjwa wa miguu na midomo kwa wenzake. Kwa mboga hutazama usafi, ulingano na kutokuwa na wadudu. Mkulima aliyeshindwa akisimama karibu na kusikiliza sababu za mwamuzi, huenda akapata faida kubwa kuliko aliyeshinda. Mshindi amepata utepe. Yeye amepata kujua kosa liko wapi.

Tuchukue mfano wa majirani wawili waliokwenda maonyesho siku moja. Wa kwanza alizunguka uwanja wote, akanunua sufuria, miwani ya jua na soda, akarudi na mfuko mzito. Wa pili alisimama muda mrefu mahali pamoja, penye majani ya kulishia ng'ombe, akauliza mpaka mwenye banda akachoka: hupandwa kwa nafasi gani, hukatwa yakiwa na kimo gani, husindikwa vipi yakae mpaka kiangazi. Alirudi na mfuko mwepesi. Mwaka uliofuata ng'ombe wa nani alitoa maziwa wakati wa kiangazi? Msomaji atajibu mwenyewe.

HATARI ILIYOPO

Hatari ya maonyesho ni kugeuka kuwa soko tena. Mabanda ya nguo, simu, sufuria na vyakula hulipa kodi nzuri, na chama chochote kinahitaji fedha. Wakulima wenye mifugo nao huona gharama za kusafirisha na kulisha wanyama uwanjani ni kubwa. Polepole banda la ng'ombe husogea pembeni na banda la biashara hukaa mlangoni. Hakuna aliyefanya kosa kubwa siku moja, lakini baada ya miaka mingi mkulima hujikuta ni mgeni katika nyumba iliyojengwa kwa ajili yake.

Mtu asidhani kwamba jambo kubwa na la zamani haliwezi kufa. Yale maonyesho ya Waingereza yaliyoanza Oxford mwaka 1839 yalifungwa mwaka 2009, baada ya miaka 170. Yalipata mapigo ya magonjwa ya mifugo na hali mbaya ya hewa, yakapoteza fedha, na wakulima wakawa wamepata njia nyingine za kujifunza. Hapa kwetu mwaka 2020 viwanja vilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wengi waliona jinsi mwaka unavyoweza kupita bila maonyesho.

Majirani zetu wa Tanzania wana jambo moja la kuigwa. Sikukuu yao ya wakulima huadhimishwa tarehe 8 Agosti na huitwa Nane Nane. Kwa mikoa ya kaskazini hufanyika katika viwanja vya Themi, Njiro, katika mji wa Arusha, na mtu wa Taveta akivuka Holili hayuko mbali sana nako. Katika viwanja vile hupandwa vipando miezi kadhaa kabla ya sikukuu, hivyo mkulima hukuta zao likiwa limesimama ardhini na mizizi yake. Nasi tunayo mashamba ya mfano katika viwanja vyetu, na hayo ndiyo yanayostahili kupanuliwa. Zao lililokatwa huonyesha ushindi wa mtu mmoja. Zao lililopandwa huonyesha njia.

SISI WA WUSI TUFANYE NINI

Tangu Katiba ya mwaka 2010, na hasa tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, kazi za kilimo na mifugo zimewekwa mikononi mwa kaunti. Maafisa wa kilimo wa nyanjani sasa ni watu wa Kaunti ya Taita Taveta, nao wako karibu kuliko Nairobi. Kwa hiyo hatuna haja ya kungoja maonyesho makubwa tu. Siku ya shamba inaweza kufanywa katika kila kata, kwenye shamba la mkulima mmoja, kwa gharama ya chai na viti vya kanisa.

Wala hatukosi vitu vya kuonyesha. Huko Sagalla wakulima wametundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, kwa kuwa imethibitishwa kwamba ndovu huwaogopa nyuki. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Mkulima hulinda mahindi yake, tena hupata asali. Hiyo ni siri ambayo kila mtu anayepakana na Tsavo angepaswa kuiona kwa macho yake. Tuna wazee wanaojua namna ya kugawana maji ya mifereji bila ugomvi. Tuna akina mama ambao vikapu vyao vya mkonge vyaweza kusimama mbele ya waamuzi popote. Tuna wakulima wa parachichi na makadamia, na wengine wanaokamua ng'ombe mmoja katika kishamba kisichotosha kugeuza lori.

Jambo la kuonyeshwa kwa haraka kuliko yote ni namna ya kulinda mteremko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1955 na zile za mwaka 2004. Wakaona kwamba katika miaka hiyo milima ya Taita ilipoteza kiasi cha nusu ya msitu wake wa asili. Mahali pengi palipandwa miti ya kigeni, hivyo mtu akitazama kwa mbali huona bado pana kijani. Lakini chemchemi na udongo havidanganyiki kwa rangi. Mkulima aliyepanda miche ya asili juu ya chemchemi yake, akachimba matuta na kupanda majani kingoni, anastahili kikombe kikubwa kuliko mwenye boga kubwa, kwa maana boga huliwa likaisha, na udongo huachiwa wajukuu.

Basi nawashauri wenzangu mambo matatu. Kwanza, anayekwenda Mombasa au Nairobi kutazama maonyesho aende na swali moja aliloliandika nyumbani, wala asiondoke mpaka limejibiwa. Pili, kikundi cha kijiji kichange nauli ya watu wawili au watatu, na watu hao warudi watoe taarifa mbele ya wote, kama mjumbe atoavyo taarifa ya mkutano. Tatu, tuwe na siku yetu wenyewe hapa mlimani, ambapo atakayepewa zawadi sharti aeleze alivyofanya, hatua kwa hatua, na majirani waruhusiwe kwenda kuliona shamba lake.

Huenda mtu akasema hatuna uwanja, hatuna bendi wala mahema. Bwana Watson naye hakuwa na vitu hivyo. Alikuwa na kondoo wawili, mti wa kivuli, na moyo wa kutoficha. Mbuzi wawili wazuri wa maziwa wapo Wusi, na miti ya kivuli haijaisha. Wazee walisema mkulima ni mmoja na walaji ni wengi. Ikiwa ni hivyo, mkulima huyo mmoja akimfundisha mwenziwe, mzigo wa kuwalisha hao wengi utakuwa na mabega mawili.